Wamemkata jina Msabato kwenye kazi ya kikundi, nimpe maksi gani?

Mwalimu wa Jiografia
Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha kidato cha nne hapa Mbeya. Kwenye mada ya utafiti niliwagawa vikundi vya watu sita, waende kuhoji wakulima wa viazi Uyole. Siku sikuwapangia. Kikundi kimoja kikachagua Jumamosi, tena mara mbili mfululizo, na humo yumo binti Msabato. Hakwenda. Ripoti ilipoletwa, jina lake limekatwa kwa kalamu. Nikauliza, wakajibu: "Alitutegea, mwalimu." Yeye kainama tu. Roho iliniuma, maana huyu si mtegaji hata kidogo. Ndiye anayefuta ubao hata zamu isipokuwa yake.

Nikimpa sawa na wenzake, waliokanyaga tope watanung'unika. Nikimpa sifuri, nimemwadhibu kwa ibada yake. Nimpe kazi ya peke yake? Naombeni ushauri.

Mama Kyela
Pole, mwalimu. Mimi ni Msabato. Sabato yetu inaingia Ijumaa jua likizama, inatoka Jumamosi jua likizama, kwa hiyo hata Ijumaa jioni usimwekee. Jumapili yeye yuko huru, lakini wenzake Wamoraviani na Wakatoliki wako kanisani. Baada ya vipindi, katikati ya wiki, hapo mnawapata wote.

Kazi ya peke yake, tafadhali usimpe. Mimi nilipewa hivyo sekondari. Nilikaa na vitabu, nikapata maksi nzuri, ila kumkabili mtu mzima nisiyemjua na kumuuliza maswali nilikuja kujifunza kazini, kwa shida.

Mtetezi
Sifuri ifute kichwani. Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inalinda uhuru wa kuabudu. Na mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova walioadhibiwa kwa kutoimba wimbo wa taifa. Najua ule ni wimbo na hii ni kazi ya kikundi, lakini mtoto ni yule yule: anabanwa achague shule au imani.

Kijana wa Iringa
Waliolalamika nao wasikilizwe. Ukimsamehe bila kumpa kazi, watamchukia kimyakimya. Mimi Muislamu, na somo la kilimo tulipangiwa banda la nguruwe. Mwalimu aliniita pembeni kabla ya siku yenyewe, akaniuliza naweza kufanya nini. Nikachukua hesabu za chakula na gharama, wenzangu wakaingia bandani. Hakuna aliyesema nimetega, kwa sababu bila daftari langu ripoti isingekamilika. Muulize mwenyewe, ila si mbele ya darasa.

Mwalimu wa Jiografia
Asanteni sana. Kosa ni langu, siku nilipaswa kuipanga mimi. Leo mapumziko ya saa nne nimemwita. Kumbe alishawaomba wenzake wampe majibu ya wakulima achore grafu na ramani, wakamnyima. Hilo sikulijua, na wao nimewaambia wazi kwamba hapo walikosea.

Ripoti nimeirudisha. Jumatano baada ya vipindi wote sita wanakwenda kwa wakulima wawili waliobaki. Yeye atahoji, na grafu zote ni zake. Jina wameliandika upya wenyewe. Mama Kyela, ndaga fijo (asante sana, kwa Kinyakyusa).