MJADALA: Watu wa mbavuni mwa vilima Kigali wapelekwe Busanza, au wajengewe palepale walipo?

Mpangaji wa Kimisagara (mleta mada)

Wakuu, salaam. Mimi ni mtu wa Kigoma, huu ni mwaka wa tisa niko Kigali, nauza vitenge Nyabugogo. Nimepanga Kimisagara, chumba na sebule, uani kwa mzee mmoja mwenye vyumba sita vya wapangaji. Kufika kwangu unashuka kwenye moto (bodaboda huku ni moto tu), halafu unapanda ngazi za udongo tisini na kitu. Siku nahamia, godoro langu lilipandishwa na vijana wawili, wakapumzika mara tatu njiani.

Wageni wakija Kigali hupiga picha za barabara, wakarudi Dar kuandika "tuige kwa wenzetu". Sibishi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2008, na Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi tunatoka wote na majembe kwenye umuganda, hata mimi mgeni. Ila picha hizo hupigwa migongoni mwa vilima. Huko migongoni ndiko kwenye ofisi, hoteli na majumba ya wakubwa. Mabondeni ni maji na matete, na siku hizi yanalindwa. Sisi wengine tuko mbavuni, na ubavu ndio unaogombewa.

Hapahapa mjini zimejaribiwa njia mbili. Ya kwanza ni ya Bannyahe, mtaa wa mabanda, yaani Kangondo na Kibiraro kule Nyarutarama kwa matajiri. Wenye nyumba walitaka fidia ya fedha. Walichopewa ni nyumba za ghorofa Busanza, upande wa Kanombe. Wakaenda mahakamani, mambo yakavuta miaka, na Septemba 2022 mtaa ukabomolewa ukaisha. Ya pili ni ya Mpazi, chini kidogo tu ya ninapolala. Hapo wenye viwanja walitoa ardhi, wakakaa pembeni kwa muda, zikapanda ghorofa za matofali ya kuchoma palepale, wakarudi. Mwenye mali kubwa alipata nyumba zaidi ya moja: anakaa moja, anapangisha nyingine.

Kwa nini naleta hili leo? Nyumba ya tatu kutoka kwetu imeandikwa kwa rangi nyekundu ukutani: TOWA. Hilo ni neno letu Waswahili, na huku ndilo alama ya nyumba inayotakiwa kuondoka. Mwenye nyumba ametundika kanga juu ya maandishi. Kila upepo ukivuma kanga inafunuka, neno linasomeka, anatoka tena kuifunga.

Msimamo wangu: anayeondolewa kwa sababu ya mvua aondolewe hata usiku huu, wala msimuulize. Lakini anayeondolewa kwa sababu ya ramani, yaani mpango wa mji, ajengewe hapohapo alipo. Karibuni.

Pima Maji

Ndugu Mpangaji, umeandika vizuri lakini umerahisisha. Mimi ni Mnyarwanda, kazi yangu ni ujenzi, Kiswahili nimekipata Nyamirambo. Unasema mvua ni kitu kimoja na ramani kitu kingine. Kwenye mteremko ni kitu kimoja.

Angalia jinsi nyumba ya mbavuni inavyojengwa. Mtu anachonga kilima apate sehemu tambarare, labda mita sita kwa tano. Udongo aliouchonga anaumwaga mbele, chini, na huo ndio unaokuwa uwanja wa jirani wa chini. Nyuma yake inabaki ngema tupu, haina ukuta wa kuzuia udongo kwa sababu ukuta wa mawe ni ghali kuliko nyumba yenyewe. Halafu anachimba choo cha shimo, maana mji huu ulikua bila mfumo mkuu wa maji taka. Kila mtu na shimo lake. Maji ya choo cha juu yanatafuta njia, na njia yao ni ukuta wa wa chini. Mwaka wa kwanza ukuta una unyevu, mwaka wa tano umelegea, na mwaka wa sita mvua ya Aprili inamaliza kazi.

Mei 2023 tulizika watu zaidi ya 130 kwa mafuriko na maporomoko ya usiku mmoja, magharibi na kaskazini mwa nchi. Rubavu, Karongi, Rutsiro. Hawakufa kwa ajili ya ramani.

Tena nchi ni ndogo. Kilomita za mraba 26,338, sensa ya 2022 ikahesabu watu milioni 13.2. Ni watu 503 kwa kila kilomita moja, na hapo umehesabu maziwa, mbuga na volkeno. Tusipopanda juu kwa ghorofa tutakula nini, matofali?

Magomeni Damu

"Tutakula matofali" 😂 Mkuu umeua.

Ila mleta mada ana hoja, wana Dar tumeyaona yote mawili. Magomeni Kota walivunjiwa, wakasota wee, mwisho zikajengwa nyumba 644 palepale na Machi 2022 zikazinduliwa. Leo ukipita hutaamini. Halafu kumbuka mafuriko ya Desemba 2011: watu wa bonde la Msimbazi wakapelekwa Mabwepande, pori tupu. Wangapi waliuza viwanja wakarudi Jangwani? Mtu hafuati nyumba, anafuata riziki.

Aliyekuwa Bannyahe

Ngoja niseme mimi niliyehama, maana naona wanaume mnapima udongo tu.

Nilikuwa na kibanda cha chakula: ugali, maharage, isombe (kisamvu), siku nyingine sambaza (dagaa). Wateja wangu walikuwa mafundi, na wadada na vijana wa kazi wa majumba ya Nyarutarama. Saa sita mchana walishuka kwa miguu, dakika tano wameshafika. Wengi tulioishi pale tulikuwa mikono na miguu ya majumba yale: kufua, kupika, kukata majani, kulinda geti. Hakuna aliyepanda basi.

Sasa niko Busanza. Nisiwe mnafiki: bomba liko ndani, choo kiko ndani, mvua ikinyesha silali na sufuria tatu za kukinga maji. Mwanangu anasoma mezani. Hayo ni mema, na anayesema ghorofa ni mateso matupu hajawahi kubeba jerikeni la lita 20 kwenye tope.

Lakini kule nilikuwa na vyumba vinne vya kupangisha. Huku nina nyumba moja. Vile vyumba ndivyo vilikuwa pensheni yangu. Na kibanda siwezi kukiweka sebuleni ghorofa ya pili. Nikipika nikashuka na beseni barabarani, nimekuwa mzunguzayi (machinga), nitakimbizwa. Basi nafua nguo za watu kwa wiki mara tatu, na sehemu ya pesa inaishia kwenye nauli.

Mtu aniulize leo: urudi Bannyahe ya zamani? Hapana. Ningejengewa ghorofa hiihii kule? Ningepiga magoti.

Pima Maji

Dada, pole, na ahsante kwa ukweli. Lakini kiwanja kile cha Nyarutarama thamani yake imepanda sana. Nani atajenga nyumba za watu wa kipato cha chini juu ya ardhi ya bei ile?

Mpangaji wa Kimisagara

Hapo ndipo nilipokuwa nakungoja, kaka. Kumbe si udongo tena, ni bei ya ardhi. Ndiyo ile ramani niliyosema.

Jirani wa Lang'ata

Wakubwa, hata sisi Nairobi tumepitia hii. Watu wa Kibera Soweto East walihamishiwa Lang'ata 2009 wangoje nyumba mpya. Zilipopatikana, wengine walipangisha vyumba kwa watu wenye mshahara, wakarudi kwenye mabati. Usiwalaumu. Nyumba ni pesa, na pesa ikihitajika nyumba inageuka. 2024 nayo, baada ya mafuriko ya Aprili, waliokuwa kando ya mto Mathare walibomolewa kabla hawajajua waende wapi. Kwa hivyo Kigali wakipewa hata hiyo Busanza, kwetu hiyo ni habari njema bana.

Kadutu Juu

Mimi niko Bukavu, ng'ambo ya mto Ruzizi. Ninyi mnalalamika kwamba serikali inaingia sana. Sisi tunalalamika kwamba haiingii kabisa. Kila mtu ananunua parseli yake kwenye mlima, hata penye korongo, anapewa karatasi, anajenga. Msimu wa mvua ukifika tunahesabu nani ameshuka na nyumba yake. Nilimuona mama mmoja asubuhi anatafuta mlango. Mlango ulikuwa chini, mtaa mwingine kabisa, bado umefungwa kwa kufuli.

Mtu akija kuniandikia TOWA kabla ya mvua, namnunulia bia.

Mzee wa Biryogo

Watoto wangu, salaam aleikum. Mimi nimezaliwa Biryogo, hapahapa Kigali, na baba yangu kabla yangu. Mji huu ulianza 1907 kwa nyumba ya Mjerumani, Richard Kandt, juu ya kilima. Wakaja wafanyabiashara, askari, wapagazi, Waislamu wa pwani na wa Ujiji, na Kiswahili kikaingia nao. Walipokuja Wabelgiji walitutengea sehemu yetu, kambi ya Waswahili. Kwa hiyo habari ya kupangiwa mahali pa kuishi sisi hatukuisikia kwa jirani.

Miaka mingi Biryogo ilikuwa ikitajwa kwa mdomo uliopinda: akajagari, yaani vurugu tupu. Leo mtaa umefungwa magari, barabara imepakwa rangi, watalii wanakunywa chai ya tangawizi na kutafuna mishikaki mpaka usiku. Nyumba nyingi ni zilezile na misikiti ni ileile. Hapakuhitajika tingatinga kufika hapo.

Ila niwape na upande wake wa pili. Kijana wangu alipanga duka la kushona nguo miaka kumi na moja. Rangi ilipokauka barabarani, kodi ikapanda mara mbili. Sasa anashonea Mageragere. Hakubomolewa, alitolewa na uzuri wa mtaa.

Pima Maji

Mzee, shikamoo. Umenigusa hapo mwishoni, na nitarudi kwake.

Kwanza niweke sheria mezani ili tusigombane hewani. Sheria ya kutwaa ardhi ya 2015 inasema fidia inaweza kuwa fedha, au kitu kingine ambacho pande mbili *zimekubaliana*. Neno hilo ndilo lililobeba mzozo wote wa Bannyahe. Mimi natetea kuhama kwa watu, lakini sitetei nyumba kugeuka fidia bila mwenye mali kusema ndiyo. Hapo nakubaliana na wenzangu.

Mpazi naijua kwa karibu. Waswisi waliokuwa wakishughulika na viwanda vya matofali walisaidia utaalamu wake (nao nchi yao ni milima mitupu, si ajabu wameelewa). Uzuri wake si huruma, ni hesabu: ghorofa zinachukua sehemu ndogo ya ardhi ya mabanda, ardhi inayobaki inatoa njia, mfereji na nyumba za ziada. Lakini Mpazi imewezekana kwa sababu mteremko unaruhusu na wenye ardhi walikubali kuunganisha viwanja. Nipelekeni kwenye ngema ya mlima Kigali mniambie mtachimba wapi msingi.

Sasa narudi kwa kijana wa Mzee, aliyekuwa mpangaji, na swali ni kwa mleta mada, usinikasirikie. Wewe ni mpangaji. Busanza walipewa wenye nyumba. Mpazi walipewa wenye nyumba. Unapigania palepale ya nani?

Magomeni Damu

Duh. Hilo swali si la Jumapili.

Aliyekuwa Bannyahe

Wapangaji wangu wanne sijui walipo. Mmoja alinipigia kutoka Kabuga. Nilipata nyumba mimi, wao walipata taarifa ya kuhama.

Mpangaji wa Kimisagara

Sikasiriki, kaka. Nimekaa siku mbili sijajibu kwa sababu jibu zuri sina.

Nikiwa mkweli, mzee wangu mwenye nyumba akipata mradi kama wa Mpazi, vyumba vyake sita vitageuka labda nyumba mbili nzuri zenye choo ndani. Moja ataishi, nyingine atapangisha kwa bei ya mtu wa ofisini. Sisi sita tutatafuta ubavu mwingine: Jali, au ng'ambo ya mto Nyabarongo. Mimi bado nasema palepale ni bora, maana angalau yule anayeuza mboga chini ya ngazi atabaki na wateja, na shule haihami. Ila nimeelewa kwamba "palepale" yangu ilikuwa ya kuazima.

Jumamosi iliyopita ilikuwa umuganda. Tulizibua mtaro unaomwaga kwenye kijito cha Mpazi, mimi niko ndani mpaka magotini, nachota mchanga, chupa, na kiatu kimoja cha mtoto. Tulipomaliza ukafanyika mkutano wa mudugudu (kijiji, ngazi ya chini ya utawala), pale kwenye uwazi karibu na kisima. Wakasema watu wa vipimo watapita mtaani kwetu mwezi ujao, kila mwenye nyumba ajiandikishe. Karatasi ikazunguka. Ilipofika kwangu, jirani alinyoosha mkono juu ya bega langu akaichukua, kwa adabu kabisa, akampa mzee wangu. Nikabaki nimeshika koleo.

Mwenye kujua mji wowote wa milimani ambako karatasi hiyo huanzia kwa mpangaji, aandike hapa chini. Nitasoma kesho nikifunga duka.