Nakimbia Dar jioni, jasho linanitoka huku nasikia baridi. Nifanyeje?

Mtoto wa Makambako:

Wakuu, habari za jioni.

Nimehamishiwa Dar kikazi mwezi huu wa Januari nikitokea Njombe. Kule nilikuwa natoka asubuhi na koti, ukungu umetanda, kilomita kumi naimaliza na bado nina pumzi ya kupiga stori. Hapa nimepanga Mbagala, nikajiunga na jogging ya mtaani. Watu wazuri sana, wana filimbi, wana nyimbo, fulana sare. Jumapili tunatoka alfajiri, hiyo naimudu. Tatizo ni katikati ya wiki, tunapokutana saa 10 na nusu jioni.

Nikikaribia kilomita ya nne kichwa kinaanza kugonga, kichefuchefu kinapanda, halafu cha ajabu nasikia baridi. Vinyweleo vinasimama mikononi wakati jasho limejaa hadi kwenye viatu. Juzi miguu ilikataa kabisa nikakaa kwenye ngazi za duka la Mpemba, akaniletea maji bila hata kumwomba. Nimepima malaria, hakuna kitu. Presha iko sawa.

Sasa washauri ni wengi kuliko wagonjwa. Kiongozi wetu anasema maji njiani ni marufuku, yanaleta kichomi. Kuna kaka mmoja hufunga nailoni tumboni na kuvaa sweta juu, anasema jasho ndilo linaloyeyusha kitambi, na mimi nivae hivyo ili mwili uzoee. Mama mwenye nyumba anataka ninywe lita tano kabla ya kutoka. Wengine: "Wewe mtu wa baridi, kaza tu."

Nani yuko sahihi hapo? Na nitajuaje kwamba sasa imefika mahali pa kuacha?

Bundi wa Temeke:

Karibu mjini mkuu. Huku hata kugombania daladala ni mazoezi tosha. Wataalamu wanakuja.

Nesi wa Raskazone:

Mdogo wangu, kati ya hao wote hakuna aliye sahihi, ila mama mwenye nyumba ana nia njema.

Mimi ni muuguzi, niko Tanga, na mara nyingi kwenye mbio za barabarani huku pwani ninakaa kwenye hema la huduma ya kwanza. Ulichoeleza nakiona kila msimu wa kaskazi: kichwa kugonga, kichefuchefu, kizunguzungu, miguu kuisha nguvu, misuli kubana, vinyweleo kusimama juani. Mwili unazidiwa na joto. Ukisimama, ukakaa kivulini, ukavua fulana, ukajimwagia maji na kunywa kidogo kidogo, mara nyingi unarudi sawa. Usipopata nafuu ndani ya nusu saa, au ukitapika kila unachokunywa, nenda kituo cha afya. Ukijikaza, unasogea kwenye hatua ya pili, kiharusi cha joto, na hiyo inaua.

Kwanza elewa joto lenyewe linatoka wapi. Wengi wanalaumu jua, lakini sehemu kubwa unaitengeneza mwenyewe. Zaidi ya robo tatu ya nguvu unayochoma ukikimbia hugeuka kuwa joto, na njia kuu ya kulitoa ni jasho likikauka kwenye ngozi. Nasema likikauka. Jasho linalodondoka chini halijakupoza chochote, limekupotezea maji na chumvi tu. Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa baridi, jasho linakauka kabla hujaliona. Dar mwezi wa Januari mchana ni nyuzi 32 hivi, hewa imejaa unyevu wa bahari, na saa 10 na nusu lami imeshiba jua tangu asubuhi. Kwa hiyo viatu kujaa jasho ni habari mbaya.

Hapo na nailoni imejijibu. Yule kaka amejifungia joto ndani. Uzito anaoupoteza ni maji, kitambi kiko palepale.

Halafu mwendo. Hili watu hawapendi kulisikia, na kwangu ndilo kubwa kuliko maji. Huwezi kuhamisha kasi ya Njombe ukaileta Mbagala kama mzigo wa viazi kwenye fuso. Mwaka 2019 kwenye mashindano ya dunia kule Doha, marathoni ya wanawake ilianza saa 6 usiku kukwepa jua, na bado ilikuwa nyuzi 32 na unyevu zaidi ya asilimia 70. Walianza wanawake 68, wakashindwa kumaliza 28. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa saa 2 dakika 32. Januari mwaka huohuo alikuwa amekimbia Dubai kwa saa 2 dakika 17. Bingwa mzima amechelewa robo saa, na usiku, sasa wewe unamkimbilia nani? Kimbia mwendo ambao unaweza kumwambia mwenzako sentensi nzima. Ukibaki na neno moja moja, tembea.

Kuzoea kupo, ila hakuji kwa kukaza. Mwili unahitaji kama siku 7 hadi 14 za kukutana na joto kidogo kidogo: damu inaongezeka majimaji, jasho linaanza kutoka mapema na linakuwa na chumvi pungufu, moyo unapiga taratibu kwa kazi ileile. Wiki ya kwanza dakika 20 tu, kimbia na kutembea, halafu ongeza. Na ukienda likizo Njombe ukakaa mwezi, ukirudi unaanza upya, usije ukasema nesi alinidanganya.

Maji: kiongozi wenu anakosea kuyakataza. Kichomi unakipata zaidi ukikimbia umeshiba au ukibugia maji mengi kwa mkupuo, mafunda machache kila baada ya muda hayana shida. Lakini lita tano nazo ni hatari. Maji matupu mengi kupita kiasi yanazimua chumvi ya damu, na mtu anaumwa kichwa, anatapika, anachanganyikiwa, hata kuanguka degedege. Watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 wa Boston Marathon ya 2002, asilimia 13 chumvi yao ilikuwa chini ya kiwango. Kunywa kwa kiu, na kabla ya kutoka angalia mkojo wako, uwe wa njano hafifu. Ukitoka jasho zaidi ya saa nzima, tafuta pakiti ya ORS duka la dawa, na uichanganye kwenye lita moja kamili kama ilivyoandikwa. Msiipige kwenye chupa ya nusu lita eti iwe kali. Madafu ni mazuri, nami nayapenda, ila chumvi yake ya mezani ni kidogo, kwa hiyo kula na kitu chenye chumvi.

Sasa swali lako la mwisho, wakati wa kuacha. Acha siku hiyo ukisikia dalili moja tu kati ya zile ulizoandika. Ukisikia baridi juani, umeshamaliza mazoezi ya siku hiyo, hata kama kundi bado linaimba. Kesho yake pia pumzika.

Na wenzako nao wajue la kuangalia, maana ikifika hatua ya pili wewe hutajua. Usiangalie jasho, angalia akili. Watu wanaambiana kiharusi cha joto lazima ngozi iwe kavu. Kwa mtu aliyekuwa anakimbia si lazima, anaweza kuwa analoa vilevile. Muulize jina la mtaa tulipo, muulize tumetoka na nani. Akijibu hovyo, akigomba bila sababu, akiyumba au akianguka, hesabu kwamba joto la ndani limepita nyuzi 40. Kipimajoto cha kwapani kikisema 38 msikiamini, kwapa la mtu aliyelowa linadanganya.

Hapo ndipo watu wetu wanapokosea: wanamzunguka kumi na tano, mmoja anamnusisha kitunguu, mwingine anatafuta bajaji. Pigeni simu kutafuta gari, ndiyo, lakini mpozeni palepale kabla hajapakiwa. Mkipata pipa au beseni kubwa la maji baridi, mwingizeni hadi kifuani, mmoja ashike kichwa. Mkikosa, mlazeni kwenye turubai, watu washike kingo ziinuke, mwageni maji na barafu humo ndani mkiyatikisa. Mkikosa na hilo, ndoo baada ya ndoo mwili mzima, barafu shingoni, kwapani na kinenani, na mpepeeni bila kuacha. Nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua. Asiyejitambua msimpe kitu mdomoni. Panadol haisaidii, hii siyo homa ya malaria.

Kocha wa Likoni:

Asante dada nesi. Mimi nafunza vijana wa chini ya miaka 15 huku Likoni, Mombasa. Naongeza la watoto tu.

Mtoto hasemi. Anaogopa utamtoa uwanjani na nafasi yake aichukue mwingine. Kwa hivyo kwangu kunywa maji hakuombwi: kila baada ya dakika kumi na tano napuliza kipenga, wote chini ya mti wa mkungu, kila mtu na chupa yake. Wazazi wengine walinicheka wakasema nawadekeza. Nikawaambia hata Kombe la Dunia la 2014 kule Brazili refa alisimamisha mechi ya Uholanzi na Meksiko wachezaji wanywe maji, na wale ni watu wazima wanaolipwa mamilioni.

Jengine, achaneni na adhabu ya kukimbizwa raundi. Mtoto amechelewa, kocha anamwambia zunguka uwanja mara kumi, saa tisa, jua linawaka. Anayeadhibiwa hawezi kupunguza mwendo wala kuomba maji. Nimewahi kuvua kipenga na kuondoka kwenye kambi moja kwa sababu hiyo.

Tena mtoto aliyetoka kuharisha au kuugua homa wiki hiyo, mie simchezeshi, hata alie.

Mzee Ruwi:

Assalaam aleikum. Niko Maskati, wazazi wangu walitoka Unguja. Hapa kiangazi tunapita nyuzi 40 bila kushangaa, na sheria inakataza kazi za nje kuanzia saa 6 na nusu mchana hadi saa 9 na nusu, mwezi wa Juni hadi Agosti. Mtu wa mazoezi naye aiheshimu sheria hiyo ingawa hakuandikiwa yeye.

Nimeona tofauti moja inayowadanganya wageni. Nizwa, bara, joto ni kali lakini kavu: mtu anatembea fulana haina hata alama, anasema leo sikutoka jasho, kumbe limekauka lote na maji yamemwishia. Maskati ukanda wa bahari joto liko chini kidogo, na nguo unazikamua. Kwa hiyo usijipime kwa fulana. Mimi natembea baada ya sala ya alfajiri au usiku baada ya isha. Mwezi wa Ramadhani, saa moja kabla ya futari ni matembezi tu, kukimbia kunasubiri mpaka nimekula na kunywa.

Mtoto wa Makambako:

Nawashukuru sana wakuu, dada nesi hasa. Nimepeleka hoja kwa kiongozi tuhamie saa 12 asubuhi, amekataa, watu wanawahi kazini. Saa 1 jioni jua limeshazama lakini Barabara ya Kilwa giza na bodaboda sizitaki. Tufanyeje? Na nyumbani kuna mzani, unaweza kunisaidia?

Nesi wa Raskazone:

Tafuteni uwanja wa mpira au wa shule wenye taa, mzunguke humohumo. Faida yake ni kwamba kila mzunguko unapita kwenye ndoo ya maji, na aliyezidiwa haachwi nyuma kilomita tatu. Ndoo ziwe mbili, moja ya kunywa na kikombe chake, nyingine ya kujimwagia kichwani na mikononi. Nguo nyepesi, iliyolegea. Sweta libaki Njombe.

Mzani unasaidia. Jipime kabla na baada, ukiwa umejikausha. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja uliyopoteza, ukihesabu na uliyokunywa. Ukipungua zaidi ya asilimia 2 ya uzito wako, siku nyingine kunywa zaidi njiani. Ukiongezeka, umekunywa kupita kiasi. Na kama unatumia dawa za mafua zinazoleta usingizi, au mwenzako anatumia dawa za presha za kukojosha, aulize daktari wake kwanza. Aliyeamka na hangova aje kupiga filimbi tu.

Kaka wa Nailoni:

Makambako, uzi nimeuona, mbona hukuniambia uso kwa uso? Nesi, heshima yako, lakini mimi jana nimetoka na nailoni nikapima, kilo mbili zimeondoka jioni moja. Hilo nalo utalipinga?

Nesi wa Raskazone:

Silipingi kaka yangu. Kunywa maji leo mpaka kiu iishe kabisa, ule wali wako wa kawaida, kesho asubuhi panda tena kwenye mzani huohuo halafu njoo utuandikie hapa.