Kikundi: Ukoo wa Langoni

Swafiya: Asalaam aleikum. Daktari ashasoma MRI ya Ami Omari. Ile saratani ya tumbo imepanda kichwani, uvimbe mmoja kwa nyuma, ndio maana yuwayumba akitembea. Asema ya tumbo ni nadra kufika huko lakini hufika. Ukiwa mmoja waweza kutolewa kwa opresheni ama kupigwa mionzi, si kupona, ni kumpa nafuu na muda. Mionzi iko Mombasa, hospitali ya Coast General. Nani atafuatana naye?

Swafiya: Tiki za buluu nimeziona 🙄

Ami Athumani: La haula.

Shee: Mashua mpaka Mokowe kule bara juu yangu

Mbwana: Mashua yako? Afadhali ami apande punda 😂😂

Shee: 😂 siku ile mafuta yaliingia maji

Swafiya: Jamani!! Na nani amemkatiza vidonge vya deksa? Boksi limejaa.

Rukia: Mimi. Baba uso umemvimba, sukari imepanda, usiku halali yuwazunguka ukumbini tu

Swafiya: Rukia mamangu hiyo deksa ndiyo yashusha kufura kwa ubongo kando ya ule uvimbe, haikatwi ghafla, mwili waweza kugoma. Sukari ina dawa yake. Na kidonge ni asubuhi akishakula, usimpe jioni, ndio maana hapati usingizi. Mpigie daktari SASA. Muulize pia kile kinyama walichotoa tumboni kama kimepimwa HER2, ile protini ya saratani, maana ikitoka iko kuna sindano yake

Mbwana: Pesa si zitoke kwa lile shamba la kule kijijini Hindi. Ama zilikwisha?

Swafiya: Mbwana usianze

Mbwana: Nauliza tu, mwenyewe yumo humu yuwasoma

Ami Athumani: Lile shamba ndilo lililokulipia karo.

Mbwana: Sijataja mtu ami

Shee: 🍿

Salma: Haya ni maneno ya Bibi, mimi naandika tu. Omari nimemzaa mimi. Mwapanga mashua na opresheni, nani amemuuliza yeye kama ataka? Kesho baada ya alasiri ndooni nyumbani, na wa shamba pia. Rukia mpigie daktari kabla ya magharibi.

Swafiya: Naam Bibi

Mbwana: Naam Bibi

Rukia: Nimempata. Kidonge nirudishe, kesho asubuhi nimpeleke hospitali ya King Fahd apimwe sukari. Hiyo HER2 asema ataangalia

Swafiya: Alhamdulillah. Shee mashua Alhamisi?

Shee: Injini iko kwa fundi

Alwy: Ndio nashika simu saa hii. Naweza kwenda naye lakini si wiki hii. Bima yake ya SHA imelipwa?