Kamera ya milioni 7 kwa picha za usiku ziwani: akili au sifa?

Mpiga Giza:
Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma mjini, kazi yangu picha: harusi, mahafali, na pasipoti nikikwama. Ila roho yangu iko kwenye zile picha za kuacha shata, ule mlango wa mwanga wa kamera, wazi dakika mbili, dakika nne, maji yanakuwa kama maziwa na mawe ya Bangwe yanabaki yamesimama peke yake.

Nimedunduliza miaka minne. Kuna mtu wa Dar ananiuzia Fujifilm GFX 50S II iliyotumika, midiamu fomati, zile za mirolesi zisizo na kioo ndani. Ilipotoka 2021 bodi tupu ilikuwa dola 3,999. Huyu anataka milioni 7 pamoja na lenzi moja.

Sababu zangu: sensa yake, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, ni milimita 43.8 kwa 32.9, yaani eneo lake ni karibu mara 1.7 ya fulu fremu, ile saizi ya kamera nyingi za kazi. Shata inakaa wazi mpaka dakika 60. Haina kioo cha kuruka na kutikisa, na sihitaji kuziba tundu la jicho kwa kitambaa ili mwanga usiingie kwa nyuma, kama ninavyofanya na hii niliyo nayo. Na kuna lodge mbili zinataka picha kubwa za ukutani.

Ninunue au nijenge choo kama anavyosema mama? Nataka hoja, sitaki kejeli.

Halafu niseme tu, picha zangu bora kuliko zote nilizipiga 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa, uvuvi umesimamishwa. Giza totoro, hakuna taa ya wavuvi hata moja, hakuna injini, nyota mpaka ndani ya maji. Kwa kweli natamani wangekuwa wanalifunga kila mwaka.

Fundi Chenga:
Tuanze na hesabu. GFX 50 inatoa picha ya pikseli 8256 kwa 6192. Ukichapa kwa nukta 300 kwa inchi unapata kama sentimita 70 kwa 52. Kamera ya kawaida ya megapikseli 24, pikseli 6000 kwa 4000, inakupa 51 kwa 34. Hiyo ndiyo tofauti unayoilipia milioni 7. Na picha ya ukutani mtu anaitazama akiwa mita mbili, hakuna anayeweka pua kwenye fremu.

Pili, wewe mwenyewe unasema maji yanakuwa maziwa. Nusu ya picha yako ni maziwa na nusu ni mawingu yaliyovutwa. Pikseli milioni 50 za kuonyesha maziwa za nini? Zinafanya kazi kwenye yale mawe tu.

Jibu hilo kwanza kabla hujatuma hela.

Nyumba Kumi:
Sensa ilishafanyika Agosti 2022 na tulihesabiwa wote. Hiyo ya milimita ni ya nani?

Mama Dagaa Katonga:
Mleta mada nimesoma mpaka mwisho, sijaelewa habari za milimita na sihitaji kuelewa. Nimeelewa hapo ulipoandika unatamani ziwa lifungwe kila mwaka ili upate nyota.

Mimi naanika dagaa Katonga mwaka wa kumi na moja. Miezi ile nilikuwa nakaa mchangani naangalia beseni tupu. Watoto wawili walirudi nyumbani ada haijakamilika. Wewe ulikuwa unaangalia nyota. Haya, hongera.

Mwisho wa Reli:
Aisee. Mama kapiga msumari.

Mpiga Giza:
Mama samahani, sikumaanisha hivyo. Nilizungumzia mwanga tu.

@Fundi Chenga nakuja kwenye hesabu yako.

Binti Ujiji:
"Nilizungumzia mwanga tu." Huo mwanga unawashwa na watu, kaka.

Injini 40:
Miezi minne tulikaa. Nyavu zimeliwa na panya.

Mwisho wa Reli:
Ilikuwa mitatu mkuu, 15 Mei mpaka 15 Agosti. Tusiongeze chumvi, dagaa wenyewe wana ya kwao.

Injini 40:
Wewe unahesabu kwa kalenda. Mimi nahesabu tangu nilipoacha kupata mpaka nilipoanza kupata tena. Injini ilikaa, betri zilikufa, vijana wangu wawili wakaenda kulima Uvinza na mmoja hakurudi. Kwa hesabu yangu ni minne na kitu.

Nyumba Kumi:
Lakini tuseme ukweli, samaki walikuwa wamekwisha. Kufunga hakukuwa ubabe wa mtu. Na hatukuwa peke yetu, ziwa ni la nchi nne, na Kongo, Burundi na Zambia walikuwa kwenye mpango huohuo. Ukimwacha samaki azae utamkuta kesho. Tatizo la watu wa Kigoma tunataka kula mayai na kuku siku moja.

Mama Dagaa Katonga:
Nyumba Kumi wewe unalipwa mwisho wa mwezi, eti? Mtu wa mshahara ndiye mwenye subira ya kuku.

Nyumba Kumi:
Mimi kulipwa kwangu kunahusiana nini na dagaa?

Binti Ujiji:
Kunahusiana sana. Endelea kula migebuka, bosi.

Fundi Chenga:
Jamani kuna swali la kamera hapa.

Nakuja na la tatu. Ukiacha shata dakika nne kwenye joto la huku, sensa inachemka na kutoa chenga, vile vidoti vyekundu na vya buluu gizani. Kamera ina njia ya kuvifuta: ukimaliza dakika nne, inapiga nyingine dakika nne shata ikiwa imefungwa, kisha inatoa moja kwenye nyingine. Kwa hiyo picha moja ni dakika nane, na muda wote umesimama kwenye mbu. Badala yake piga fremu nane za sekunde 30 kwa kamera uliyo nayo, uziunganishe kwenye kompyuta. Chenga zinapungua, na taa ikipita vibaya unatupa fremu moja, hutupi picha nzima. Bei yake ni sifuri.

Mzee wa 120:
Vijana hamjambo. Mimi nimepiga picha tangu enzi za chumba cheusi. Nawasikia mnaiita hiyo midiamu fomati nacheka. Yashica yangu ilitumia filamu ya 120, negativu sentimita 5.6 kwa 5.6, picha 12 kwa roli na ukikosea umekula hasara. Hicho cha milimita 44 kwa 33 kwetu kingekuwa mtoto. Jina wamelirithi, shamba hawakurithi.

Na nyie mna raha. Filamu ikikaa wazi muda mrefu inachoka, mwanga uleule inaupokea kwa uvivu. Mita ya mwanga ikikwambia dakika moja unaweka mbili au tatu kwa kukisia, halafu unasubiri wiki kujua kama ulikisia vizuri.

Mwisho wa Reli:
Shikamoo mzee. Hiyo Yashica bado ipo?

Mzee wa 120:
Marahaba. Ipo, kuvu imeingia kwenye lenzi. Unyevu wa ziwa hauna rafiki. Mleta mada aandike hilo kwenye bajeti yake.

Mpiga Giza:
Nashukuru mzee. Fundi, njia ya kuunganisha fremu naijua. Inafanya kazi kwa nyota. Kwa machweo haifanani: mawingu yanaacha hatua hatua kama ngazi, maana kati ya fremu na fremu kuna pengo. Nataka mvuto mmoja. Naweka filta nyeusi ya stopu 10, mwanga unapungua mara elfu moja na kidogo, shata ya 1/30 inakuwa sekunde 34. Jua likizidi kuzama nafika dakika tatu bila kulazimisha. Hapo ndipo ninapohitaji faili linalovumilia kuinuliwa vivuli bila kuoza.

Na filta zangu zote ni za milimita 77. Kuna anayejua kama lenzi ya GF 32-64 inazikubali?

Injini 40:
Filta nyeusi ili usione taa zetu.

Mpiga Giza:
Kaka, hiyo ni ya mchana!

Injini 40:
Sawa. Lakini nikufundishe kitu bure, wewe uliyesoma dakika 60. Huhitaji serikali ifunge ziwa. Kila mwezi kuna siku za mbalamwezi, dagaa hawaifuati taa kwa sababu mwezi umewaka kila mahali, sisi tunabaki nyumbani tunashona nyavu. Ziwa linakuwa tupu. Ungeuliza mvuvi yeyote pale Kibirizi angekwambia kwa kikombe cha chai.

Mwisho wa Reli:
Ila kaka, mbalamwezi ikiwaka na nyota nazo zinapotea. Jamaa anataka giza na nyota. Giza ndilo mnaloingilia ziwani.

Injini 40:
Basi achague. Sisi na yeye tunagombea giza moja.

Binti Ujiji:
Mimi picha za taa nazipenda, tatizo si kamera tena, taa zenyewe zimeharibika. Zamani karabai zilikuwa na ule umanjano, ukisimama juu Bangwe unaona mji mwingine umelala juu ya maji. Sasa ni taa za betri na sola, nyeupe kama hospitali.

Injini 40:
Dada karabai ilikuwa inakunywa mafuta ya taa usiku kucha na upepo ukija kioo kinapasuka. Umanjano huo ulikuwa hela yangu inaungua.

Binti Ujiji:
Nimesema ilipendeza, sijasema irudi.

Nyumba Kumi:
Kuhusu picha, angepiga Liemba basi. Meli ya 1915, imetengenezwa hapahapa Kigoma, nchi nyingi hazina kitu kama hicho. Pale bandarini usiku.

Mzee wa 120:
Iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913. Ikafunguliwa vipandevipande ikaja kwa masanduku, reli ilikuwa imefika Kigoma 1914, hapa ikaunganishwa. 1915 ndiyo iliingia majini. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha, Waingereza wakaiibua 1924. Na bandarini usitege stendi usiku bila ruhusa, utatumia dakika zako nne kujieleza.

Fundi Chenga:
GF 32-64 ni 77, filta zako zinaingia. Ila ukija kuongeza GF 45-100 au 20-35, ni 82. Unaanza kununua filta upya. Na kwenye stendi uzime kile kitulizo cha ndani ya bodi, wakati mwingine chenyewe ndicho kinachoyumbisha.

Bado hujajibu kuhusu sentimita 51 na 70.

Mama Dagaa Katonga:
Mleta mada nina swali, na naomba jibu la ndiyo au hapana.

Kuna lodge moja barabara ya Kibirizi, pale mapokezi kuna picha kubwa. Vipe, vile vyombo vyetu vya kuvulia, vimepangwa mchangani, vitano au sita, maji nyuma yake kama moshi, juu nyota. Ni yako?

Mpiga Giza:
Ndiyo mama. Ya Juni 2024. Ndiyo iliyofanya wale wa lodge nyingine wanitafute.

Mama Dagaa Katonga:
Cha pili kutoka kushoto, chenye kiraka cha bati ubavuni. Hicho ni cha mume wangu.

Nilikwenda kupeleka dagaa jikoni nikakiona ukutani. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza natafuta nani.

Mwisho wa Reli:
Duh.

Binti Ujiji:
Umeiuza shilingi ngapi, kaka?

Mpiga Giza:
Laki mbili na nusu, pamoja na fremu.

Nyumba Kumi:
Sasa hapa tusianze. Kipe kimekaa ufukweni, ufukwe ni wa wote, mtu kapiga picha. Kila anayepiga picha ya mlima amlipe mwenye mlima?

Injini 40:
Mlima haudaiwi ada ya shule.

Nyumba Kumi:
Mimi nimeuliza swali la haki, unanijibu kwa methali.

Injini 40:
Hiyo si methali, hiyo ni Juni.

Mpiga Giza:
Mama, sikujua vina wenyewe... namaanisha nilijua vina wenyewe, sikufikiria. Vilikuwa vimetulia vizuri, havitikisiki hata kidogo. Shata ilikaa wazi dakika nne. Siku nyingine huwezi kupata kipe kimetulia hivyo, maji yanakisukasuka au watu wanapakia.

Mama Dagaa Katonga:
Ndiyo. Kilitulia.

Mimi sitaki hela yako, na wewe naona huna, maana unataka kununua kamera ya milioni 7. Kile kipe tuliuza Septemba, kimekwenda Kalemie, Kongo. Hatuna picha yake hata moja. Nataka na mimi moja. Isiwe kubwa, ukuta wangu ni wa udongo haushiki msumari mkubwa.

Mpiga Giza:
Nitaileta mama. Nikuletee Katonga penyewe?

Mama Dagaa Katonga:
Katonga. Uliza wanaoanika karibu na mwembe. Uje asubuhi, jua likipanda nakuwa nimeshageuza dagaa naondoka.

Fundi Chenga:
Ile ya lodge ulipiga kwa kamera gani?

Mpiga Giza:
Hii ya zamani. Megapikseli 24.

Fundi Chenga:
Na imechapwa ukubwa gani?

Mpiga Giza:
Sentimita 90.

Mzee wa 120:
Hahaha.

Mpiga Giza:
Mzee usicheke. Vivuli vya chini vimeoza, ukisogea unaona chenga. Mimi naziona kila nikiingia pale.

Mama Dagaa Katonga:
Mimi nilisogea. Niliona kiraka.