Mjadala: Kompyuta ichambue mimea ya msitu wa Amani, Tanga, kutafuta dawa ya saratani?

Msambaa wa Muheza: Wadau, siku hizi mtafiti haanzi kwa kuchemsha mizizi. Anachukua umbo la protini inayokuza saratani, kompyuta inaijaribishia maelfu ya kemikali za mimea kuona ipi inaingia kama ufunguo kwenye kitasa. Msitu wa Amani una miti isiyoota kwingine duniani. Serikali itie pesa hapo! Vinkristini wanayodungwa watoto wenye saratani ya damu inatokana na ua la Madagaska, lile linaloota hadi uani kwetu.

Mkaa Ngamiani: Ua hilo halikuhitaji kompyuta. Kule Kanada miaka ya 1950 walikuwa wanatafuta dawa ya kisukari, wakaona chembe nyeupe za damu za panya zinapungua. Hii yenu ni ramli ya umeme. Kama ni ramli, waganga wa Pangani wanapiga kwa bei nafuu.

Bint Pangani: Kaka Mkaa, kompyuta imekuudhi, sisi tumeingiaje? Bibi yangu alichimba dawa maisha yake yote, ramli hakuijua. Mpiga ramli na mjuzi wa miti ni watu wawili. Futa hilo neno.

Mkaa Ngamiani: Silifuti. Shemeji yangu alikaa na uvimbe wa titi miezi minane akinywa mizizi. Alipofika hospitali ulishasambaa. Tumemzika.

Bint Pangani: Mungu amrehemu. Lakini bibi yangu hakumtibu shemeji yako.

Mwalimu wa Kemia: Poleni. Turudi kwenye mada jamani. Kompyuta haitoi dawa, inapunguza orodha ya vitu vya kupima maabara, na inadanganyika. Kurkumini, kemikali ya binzari, inaonekana kufaa kwa kila kitu kwa sababu inanata popote. Mwaka 2017 wanakemia walipitia majaribio yake zaidi ya 120 kwa binadamu, wasione hata moja lenye udhibiti kamili, yaani la kuilinganisha kwa siri na dawa bandia, lililofaulu. Na taksoli, dawa ya saratani itokanayo na mti, gome lilichukuliwa msituni 1962, ruhusa ya Marekani ikaja 1992. Mwenye haraka asianze.

Msambaa wa Muheza: Ndiyo maana nasema tuanze leo, Mwalimu.

Bint Pangani: Tuanze, kisha faida ya nani? Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani alituma kwao mbegu za ua la Usambara. Ua likapewa jina lake, leo linauzwa kwenye vyungu dunia nzima. Muheza mmepata nini?

Msambaa wa Muheza: Dada, lile ni pambo. Hapa tunaongelea dawa.

Bint Pangani: Pambo tu limetupita hivyo, sembuse dawa! Hizo kemikali mnazoingiza kwenye kompyuta, nani aliwaonyesha miti yake? Wazee. Majina yao yameandikwa wapi?

Mkaa Ngamiani: Hapo nipo na wewe, japo sijafuta neno langu. Hebu tuambie, bibi uvimbe alikuwa anautibu kwa mti gani?

Bint Pangani: Nipe kwanza karatasi yenye jina lake, kaka. Mti nitautaja baada ya hapo.