Mradi wa Erasmus+ wa miji ya Hansa: safari zimefutwa, tufanyeje kabla ya Agosti?

Mwl_Trave (Februari 2021)
Wakuu, salaam. Humu kuna walimu mnaofundisha Ulaya, ndiyo maana nauliza hapa. Shule nne za Lübeck (Ujerumani), Gdańsk (Poland), Tallinn (Estonia) na Bergen (Norwei) zimo kwenye ubia wa kubadilishana wanafunzi, uitwao KA229, chini ya Erasmus+, mpango wa elimu wa Umoja wa Ulaya. Mada ni urithi wa pamoja wa Hansa, ule umoja wa miji ya wafanyabiashara wa kaskazini mwa Ulaya enzi za kati. Mkataba ni wa miezi 24, unaisha 31 Agosti 2021. Safari mbili zimefanyika, mbili zimekwama kwa sababu ya korona. Wazo lililopo mezani ni kila shule kuongoza ziara ya mtandaoni ya saa mbili, wengine watazame. Je, mradi unaweza kusogezwa mbele? Na ziara ya namna hiyo itawafaa watoto wa miaka 14?

Daftari
Mwalimu, anza na makaratasi. Muda unaweza kuongezwa hadi miezi 12, mradi wote usizidi miezi 36, na ombi lifike kabla mkataba haujaisha. Kwenye KA229 kila shule ina mkataba wake na wakala wa nchi yake, yaani ofisi ya taifa inayosimamia fedha za Erasmus+, na hapo ndipo wengi wanapokwama: shule moja inaongeza muda, nyingine mkataba wake unakufa Agosti. Kubalianeni tarehe moja kwa maandishi kwanza, mratibu atangulie kuomba.

Tiketi zilizolipwa: kama shirika la ndege ndilo lililofuta safari, kanuni ya Ulaya namba 261 ya 2004 inampa abiria haki ya kurudishiwa fedha. Vocha hutolewa kwa ridhaa yake tu, kwa hiyo msiipokee kwa haraka. Wakala akiombwa kufidia hasara atataka ushahidi kwamba fedha haikurudi kwa njia nyingine, na mwenye vocha mkononi hawezi kuonyesha hasara hiyo. 

Mama Rahma
Ziara ya saa mbili haitawafaa. Baada ya dakika ishirini wanatazama simu zao. Tatizo la pili ni kubwa zaidi: mkizungusha kamera kwenye majengo, huo upamoja hautaonekana. Lübeck na Gdańsk ni miji ya matofali mekundu, lakini mji mkongwe wa Tallinn umejengwa zaidi kwa mawe ya chokaa, na Bryggen, gati la kale la Bergen, ni mbao, iliyojengwa upya baada ya moto wa 1702. Mtoto atauliza, "Sasa tunafanana wapi?" na atakuwa na haki.

Kilichoiunganisha miji hii ni mizigo. Chumvi ilitoka Lüneburg ikapitia Lübeck. Nafaka ilishuka mto Wisła hadi Gdańsk. Bergen ilitoa samaki wa visiwa vya Lofoten waliokaushwa kwa upepo wa baridi, ng'onda wasiotiwa chumvi hata chembe. Kupitia Tallinn zilipita nta na manyoya kutoka Novgorod. Fungueni daftari moja la mfanyabiashara, la pamoja mtandaoni, kila shule iandike kilichotoka kwake na kilichoingia. Wiki ya pili watoto wenyewe wataona kwamba mlaji wa Bergen alitegemea nafaka ya watu wa mbali.

Halafu wapeni kazi ya mikono, wote kwa wakati mmoja. Lübeck na Tallinn kila mmoja unadai marzipani, kitamu cha lozi na sukari, ni yake, ilhali lozi na sukari zote zilitoka kusini. Kwa kila mtoto: lozi gramu 200, sukari ya unga gramu 100, maji ya waridi kijiko kimoja cha chai. Mwagia lozi maji yanayochemka, subiri dakika mbili, ganda linatoka kwa kubinya kwa vidole. Zikaushe usiku kucha, la sivyo mtapata uji. Saga pamoja na sukari tangu mwanzo, bonyeza blenda kidogo kidogo. Ikizunguka mfululizo inapata joto, lozi zinaachia mafuta, na donge linang'aa na kukatika badala ya kushikana. Maji ya waridi yaingie mwishoni, tone kwa tone.

Fundi_Maiki
Naongeza ya mitambo. Tallinn iko saa moja mbele ya wengine, andikeni saa zote mbili kwenye kila mwaliko. Zoom ya bure hukata kundi dakika ya 40, basi pangeni kipindi cha dakika 35. Mwangwi hutokea kompyuta mbili za chumba kimoja zikiwa zimewasha sauti: acheni maiki moja na spika moja. Mtoto aliyevaa barakoa awe karibu na maiki, kiasi cha shubiri mbili, maana sauti za s na f ndizo zinazopotea kwanza.

Ridhaa ya data: umri wa mtoto kujiridhia mwenyewe kwenye huduma za mtandao ni 16 Ujerumani na Poland, 13 Estonia na Norwei. Fuateni ule mkali, mzazi asaini kwa kila aliye chini ya 16. Video ziwekeni TwinSpace, ukumbi wa mradi kwenye eTwinning, mtandao wa shule za Ulaya, kwenye kurasa za wanachama tu. Mkitumiana vifurushi, Norwei iko nje ya umoja wa forodha wa Ulaya: jazeni fomu ya forodha, na msitie chakula ndani.

Mwl_Trave
Ahsanteni sana. Mama Rahma, na mwenye mzio wa lozi?

Mama Rahma
Ulizeni kwa fomu wiki mbili kabla, na mzio wa karanga na njugu nyingine muuandike humo humo. Akiwepo hata mmoja na watoto wako darasani pamoja, lozi zisiingie kabisa: shule hiyo ifanye zamu ya samaki. Kateni ng'onda vipande vipande, mpime uzito, mloweke, mpime tena kila asubuhi kwa siku tano mkibadilisha maji, namba ziende kwenye daftari. Ndoo ikae kwenye friji, chumba cha joto kitaozesha samaki siku ya pili.