Subaru STI ao Audi S4 kwa barabara ya Likasi?

Mwana Katuba: Bakubwa, jambo. Natafuta sedani ya turbo ya hapa Lubumbashi na ya kupanda Likasi. Ziko mbili, bei karibu sawa: Impreza WRX STI ya 2003, lita 2.0, usukani kulia, imepitia Dar. Na Audi S4 ya 2000, V6 ya lita 2.7, turbo mbili, usukani kushoto, imetoka Ubelgiji. Ipi haitanisumbua?

Fundi wa Kamalondo: Subaru. Si kwa mbio: farasi 280 kwa 265, hutaona tofauti kubwa. Angalia turbo imekaa wapi. Ya STI iko juu. Ukitoa intakula, kipoza-hewa cha turbo, unaikuta mbele ya macho. Za S4, turbo mbili ndogo za aina ya K03, zimebanwa chini nyuma ya moteri, na mafundi wengi wanashusha moteri nzima ili kuzifikia. Tena mbele S4 ina mikono minne ya aluminiamu ya kushikilia gurudumu kila upande, na mashimo yetu yanaimaliza haraka. Boliti ndefu inayofunga mikono ya juu hukwama kwa kutu. Ukiipiga nyundo kwa hasira unapasua kipande kinachobeba gurudumu. Ilowekwe mafuta ya kulegeza kutu usiku mzima, kisha izungushwe kidogo kidogo, kwenda na kurudi.

Kampemba 4x4: Fundi, na malori ya shaba je? Huku Kongo tunapita kulia, kwa hiyo kwa usukani wa kulia, ukitaka kupita lori, unatoa gari nusu nzima ndipo uone mbele. S4 inatoa nguvu ya kuvuta ya Nm 400 kuanzia mizunguko 1,850 kwa dakika. STI chini ya 4,000 bado inasinzia. Ila usiongeze presha ya turbo za S4 kwa kubadilisha programu ya kompyuta ya moteri. Tuko mita 1,200 hivi, hewa ni pungufu karibu asilimia 13, na K03 ndogo tayari zinazunguka zaidi ya kule Ulaya. Ikikosa nguvu, kagua kwanza mipira ya vakyumu na vali mbili za kupumulia turbo, kabla ya kuhukumu turbo.

Fundi wa Kamalondo: Kwa malori, sina la kubisha.

Ruashi Turbo: Esanse, yaani petroli, hamujaitaja! STI ya Japani imepangwa kwa petroli ya oktani 100. Ukiipa ya chini na kuikanyaga ukiwa vitesi ya tano, inagonga, na kingo za pistoni zinazoshika ringi zinavunjika. Programu ipangwe upya kwa esanse unayonunua kweli. Kabla ya kulipa, pima kompresheni moteri ikiwa moto, buji (plagi) zote nje, kanyagio cha esanse chini: silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10. Zote mbili zina mkanda wa taimingi, na ukikatika vali zinagonga pistoni. Bila karatasi ya kuonyesha ulibadilishwa lini, badilisha mkanda, kikazio, puli na pampu ya maji pamoja.

Mwana Katuba: Hiyo STI inagonga asubuhi.

Ruashi Turbo: Ikinyamaza ikipata moto, ni pistoni inacheza, inavumilika. Sauti ikibaki, na ikawa nzito ukikanyaga, ni beringi za krenki. Iache.